Siku Moja Kusini: Namna Tulivyopanga Safari Yetu



Sisi ni wanawake watano wa cherehani. Tunashona sare za skuli, madira na magauni ya harusi, na mwezi wa Ramadhani ukiingia hata kula daku tunakula huku sindano ipo mkononi. Kila siku magari ya wageni yanapita mbele ya duka letu yakielekea kusini. Watu wametoka Italia na Ujerumani kuja kuangalia msitu wetu na bahari yetu, na katika sisi watano, watatu hawajawahi kufika Jozani. Tumezaliwa Unguja hii hii!

Lakini kilichotufanya tuipange safari hasa ni shoga yetu mmoja. Alifiwa na mume, akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, akamaliza. Eda ikaisha ila yeye hakutoka. Dukani haji, harusini haji, ukimwendea anakujibu kwa kichwa. Tukasema, huyu haitaji mawaidha zaidi, ameshapewa mengi. Anahitaji upepo.

Tulianza na pesa. Kila mmoja alitoa shilingi elfu tano kwa wiki, kwa wiki nane, na ya shoga yetu tukamlipia kwa zamu. Zikapatikana laki mbili. Pesa hizo tuliziweka mbali na upatu na mbali na mtaji wa vitambaa, kwa sababu starehe inayokula mtaji inarudi kuwa deni. Gari ni ya kaka wa mmoja wetu, naye ndiye aliyeendesha, kwa hiyo tulilipia mafuta na viingilio tu. Kuwa na kaka kwenye usukani kulituliza pia waume na wazazi wetu.

Jambo la pili lilikuwa siku. Dada, ukitaka kwenda pwani ya mashariki usiangalie kalenda ya ukutani peke yake, angalia mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku hizo kwetu maji hukauka kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na ndipo utakapowaona kina mama wa mwani wakiwa kazini. Ukienda maji yamejaa, utaona bahari ya buluu, nzuri kweli, lakini mashamba yao yatakuwa chini yake. Sisi tulichagua Jumapili iliyoangukia tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, tumeshamaliza kufunga zile siku nyeupe tatu. Masika tulikwepa, mvua ya masika haina adabu.

Basi njia tukaipanga kwa kufuata maji. Watu wengi huanza Jozani kwa sababu ipo njiani. Sisi tuliipita tukaiacha ya mwisho. Mjini saa moja na nusu asubuhi, Tunguu, halafu Bungi penye miembe mikubwa ambayo watu huihusisha na Bi Khole binti Said, kisha Pete, Jozani na njia panda ya Kitogani. Hapo unakwenda kushoto mpaka Paje, na kutoka Paje unateremka na pwani kwenda Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi. Kurudi unapitia Muyuni mpaka Kitogani tena. Ni duara, hurudii sehemu kubwa ya njia.

Kabla ya yote hayo ilibaki ruhusa. Shoga yetu anaishi na mama mkwe wake, na mtaani maneno yalishaanza: mjane hata mwaka hajatimiza, anapelekwa kutembea. Kisheria eda imekwisha na hakuna wa kumzuia, lakini hatukutaka atoke nyumba ile na kinyongo nyuma yake. Tukaenda wawili, baada ya Isha, tukamwamkia bibi, tukakaa chini.

"Bibi, tumekuja kumuomba mwanao kwa siku moja."

"Mnampeleka wapi?"

Tukamtajia vituo vyote. Tulipofika Jambiani akatunyamazisha kwa mkono. Kumbe ndiko alikozaliwa, na alikuwa hajakanyaga tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Hiyo gari ina nafasi ngapi?"

Tukawa sita pamoja na dereva tukawa saba. Maneno ya mtaani yakakosa pa kukaa.

Jambiani tulifika maji yako mbali. Zao la mwani lilianza kulimwa kibiashara pwani hii mwaka 1989, na walimaji wengi ni wanawake. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, wanasubiri wiki kadhaa, wanavuna na kuanika. Kuna aina mbili: spinosum, na cottonii yenye bei zaidi. Cottonii inakufa siku hizi kwa sababu maji ya pembeni yamepata joto, na kuipeleka kwenye maji ya kina kunataka boti na kuogelea. Wengine wameanza kutengeneza sabuni ya mwani, na sisi tulinunua. Bibi hakuweza kushuka mchangani mbali, tulimtandikia mkeka kivulini. Shoga yetu alivua viatu, akapandisha gauni kidogo, akatembea mpaka kwenye kamba. Akazungumza na mama mmoja kwa muda mrefu. Hatukumuuliza walizungumza nini.

Adhuhuri tuliipanga iwe Kizimkazi Dimbani. Ukiuona msikiti ule kwa nje utadhani ni wa kawaida, umeezekwa bati, lakini ndani ya mihrabu kuna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Zaidi ya miaka mia tisa watu wanamsujudia Mola mahali pale. Nenda na mtandio mpana, umuulize msimamizi kwanza, naye atakuonesha pa kutilia udhu na pa kusali. Pomboo wa Kizimkazi hatukuwafuata. Boti zikiwazunguka hawapati kupumzika, na sisi tunakujua kuchoka. Tulikula chapati, kuku na chai ya tangawizi tuliyoitoa nyumbani, na taka zetu tukarudi nazo.

Saa tisa tulikuwa Jozani. Kima punju asili yake ni Zanzibar tu, huna pengine pa kumtafuta. Mikononi hana dole gumba la maana, na hula makaa, kwa sababu majani ya mkungu na mwembe yana vitu vinavyoumiza tumbo na makaa huvinyonya. Subhanallah, nani aliyemfundisha dawa hiyo? Usimguse wala usimlishe. Upande wa pili wa barabara, kwa Pete, kuna njia ya mbao juu ya mikoko. Hapo bibi alitembea mwenyewe, taratibu, amemshika mkwewe bega, wakisimama kuangalia kaa.

Magharibi ilitukuta Mjini. Zilibaki shilingi elfu kumi na moja, tukaziandika kuwa mwanzo wa safari ya Pemba.

Dada, kama kuna mtu nyumbani kwako amefungwa na huzuni, usingojee upate pesa nyingi. Tafuta wenzako wanne, angalieni mwezi, muombe ruhusa kwa heshima, msome dua ya safari, mwende. Shoga yetu hajapona. Huzuni haiishi kwa siku moja. Ila Jumatatu alikuja dukani, akafunua cherehani yake, akauliza sare za nani zilizobaki.

Mwenyezi Mungu amrehemu mumewe, awape subira wajane wetu wote, na atufikishe salama kila tuendako. Amin.