Helikopta ndogo ya umeme na hewa nyembamba ya Isinya

Baada ya miezi ya kuandika kuhusu seva na hifadhidata, leo naomba tutoke nje kidogo. Nimenunua helikopta. Si ile ya kubeba watu, msianze kuniomba mkopo. Ni ndogo, ya umeme, ya kuendeshwa kwa rimoti, na uzito wake pamoja na betri ni kama gramu 800.

Sababu yenyewe ni mpwa wangu. Alimaliza Kidato cha Nne, akakaa nyumbani kwa dada yangu akilala mchana na kuamka na simu usiku, hadi siku mama yake alipomfungia begi na kumleta kwangu Isinya. Aliniambia maneno machache tu: "Mtafutie kitu cha kufanya na mikono kabla hajaharibika." Nikajaribu kile ninachokijua, yaani kumfundisha Python. Wiki mbili. Kijana alikuwa akisinzia kwenye kitanzi cha kwanza. Lakini feni yangu ilipokufa aliifungua bila kuulizwa, akasafisha bushi, ikazunguka. Hapo nikaona nahitaji chombo ambacho ndani yake skrubu na programu vinakutana, na ambacho hakimsamehei mzembe.

Mtauliza, kwa nini si droni? Droni ya mapanga manne inajirusha yenyewe. Ukiachilia vijiti inasimama hewani kama imetundikwa, kwa sababu kompyuta inafanya kazi yote na mitambo yake ni mota nne tu. Ni chombo kizuri cha kupiga picha, lakini hakimfundishi mtu kupima nyuzi za pembe wala kusikiliza beringi. Helikopta ina vyuma vingi vinavyotakiwa kukubaliana, na visipokubaliana utajua ndani ya sekunde mbili.

Sasa, kuchagua. Helikopta za rimoti ni za aina tatu hivi. Kuna zenye mapanga ya ghorofa mbili yanayozunguka kinyume. Hizo ni tulivu sana sebuleni, lakini zipeleke nje Isinya saa nne asubuhi na upepo utazibeba hadi Kitengela. Kuna zenye seti moja ya mapanga ambayo pembe yake haibadiliki pamoja: ukitaka kupanda unaongeza mwendo wa mota, basi. Na kuna za tatu, ambazo mapanga yanazunguka kwa kasi ileile muda wote, na unapanda au kushuka kwa kubadilisha pembe ya mapanga yenyewe. Helikopta za kweli hufanya hivyo, na upepo unaposukuma, jibu linapatikana papo hapo. Nilitaka hii ya tatu.

Ukubwa nao ulinisumbua. Wengi hushauri mgeni aanze na kidude cha gramu chini ya 100, kwa sababu kikianguka hakivunjiki sana. Ushauri mzuri kwa mwenye ukumbi. Kwetu huku ni uwanda wa nyasi, udongo mweusi na miiba, na kidude hicho kikiwa mbali hatua arobaini huoni tena kimeelekea wapi. Nikaenda daraja la 450, lile lililopata umaarufu kwa T-Rex 450 ya kampuni ya Align ya Taiwan. Panga moja lina urefu wa milimita 325, betri ni ya seli 3 na mAh 2,200, na vipuri vyake vimenakiliwa na viwanda vingi kiasi kwamba bei imeshuka. Yangu ni ya mkono wa pili, kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa akihama nchi. Bei ilikuwa kama mbuzi wanne wazuri. Nasema mbuzi kwa sababu nina jirani ambaye hesabu zote huzifanya kwa mbuzi, na ukame wa 2022 ulimwachia ng'ombe wachache sana. Kusema kweli, nilisita kuitoa kwenye boksi mbele yake.

Jambo ambalo sikulikuta kwenye mwongozo wowote ni hewa. Isinya iko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari. Nikaandika mistari michache ya programu kupiga hesabu: uzito wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na ufukweni katika hali ya kawaida, na mchana wa joto la nyuzi 28 upungufu unapita asilimia 20. Nguvu ya kunyanyua inafuata uzito wa hewa mara kasi ya mapanga kwa kipeo cha pili. Kwa hiyo ukipungukiwa asilimia 15 ya hewa, unatakiwa kuongeza kasi kwa asilimia 8 na nusu hivi. Mwenye helikopta wa awali alikuwa ameandika kwenye daftari lake mizunguko 2,400 kwa dakika, kipimo alichokitumia alipokuwa akiishi Mombasa. Sisi tukaweka 2,600. Betri nayo inalipia tofauti hiyo, ndiyo maana saa yetu ya rimoti inalia baada ya dakika 5.

Anayeona hayo ni mengi aikumbuke Ingenuity, helikopta ndogo ya umeme ya NASA iliyoruka Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021. Kule hewa ni kama asilimia 1 tu ya ya kwetu. Ilikuwa na kilo 1.8, mapanga yenye kipenyo cha mita 1.2, mizunguko zaidi ya 2,400 kwa dakika, na iliruka mara 72 kabla ya kustaafu Januari 2024. Mpwa wangu alipoisikia hiyo aliweka simu chini. Nimeiandika tarehe hiyo.

Lakini kasi ina upande wake mbaya. Kwa mizunguko 2,600, ncha ya panga inapita hewani kwa karibu kilomita 350 kwa saa. Hilo ni wembe. Watoto wa jirani wako hapa kila siku, na mbuzi hawajui mpaka wa ploti. Tukakubaliana sheria kabla ya kukaza skrubu hata moja: tunaruka alfajiri tu, kabla ya saa mbili, upepo ukiwa umelala na mifugo bado bomani; hatua thelathini kutoka kwa mtu yeyote; kamwe si upande wa nguzo za umeme mkubwa zinazotoka kwenye kituo cha Isinya; na swichi ya kukata mota inakaa chini ya kidole muda wote. Pia msisahau kwamba Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani, na kaunti hii hii ina kiwanja cha Orly kinachotumiwa na ndege ndogo za watu binafsi. Waulize KCAA kabla hujalipa, si baada ya mzigo kukwama.

Kutengeneza kulichukua wiki tatu za jioni. Hatua ya kwanza ni kuchomoa nyaya za mota, na usiniulize kwa nini, hesabu vidole vyako. Kisha mikono ya sevo tatu iwe pembe mraba na fito zake, sahani inayopeleka amri kwenye mapanga ilale sawa, na kijiti kikiwa katikati pembe ya mapanga iwe sifuri kamili. Tuna kipimo kidogo cha kubana kwenye panga. Kijana alikuwa akikirudia mara nne, mara tano, kwa nusu nyuzi ambayo mimi ningeiacha ipite.

Halafu ikaja jairo, ile sensa inayouzuia mkia usizunguke. Hapa kuna jaribio moja la lazima: geuza pua kushoto kwa mkono, na sevo ya mkia iende upande uleule inaoenda unaposukuma kijiti kulia. Mwenye awali alikuwa amebadilisha sevo hiyo kabla ya kuuza. Mpwa wangu akageuza pua, akatazama, akageuza tena.

"Mjomba, hii inasaidia upande wa adui."

Kweli, ilikuwa kinyume. Kama tungeiwasha hivyo, ingejizungusha kama pia na kujipiga chini mbele yetu. Tukabadilisha alama moja kwenye kompyuta. Bodi yake inatumia Rotorflight, programu huria iliyotokana na Betaflight ya droni, na ukiichomeka waya unaona kila kitu: sevo, jairo, kasi ya mapanga, na kumbukumbu ya kila safari.

Tukafunga fito mbili za kaboni chini yake kwa msalaba, zenye vimpira vya tenisi ya meza kwenye ncha, ili isipinduke ikitua vibaya. Panga moja tukalibandika utepe mwekundu ili kuona kama yote mawili yanapita njia moja. Na wiki zote hizo kijana alikuwa akifanya mazoezi kwenye Heli-X katika kompyuta yangu, mkia ukimwelekea yeye. Kule aliivunja mara mia bila gharama.

Alfajiri ya kwanza nilimwachia rimoti. Ilinyanyuka hadi magotini, ikayumba, akairudisha, ikakaa. Sekunde kumi na nane, nilihesabu. Jirani alikuwa amesimama kwenye ua na fimbo yake mabegani.

"Hii inakula nini, kijana wangu?" akaniuliza.

"Stima tu, Mzee."

"Basi inashinda ng'ombe. Inaweza kumtafuta aliyepotea?"

Nikamweleza kwamba dakika tano hazitoshi kufika hata kwenye mto mkavu, na kwamba kazi hiyo ni ya droni yenye kamera na kibali. Akatikisa kichwa, akasema tumwite tukiipata hiyo.

Jioni hiyo mpwa wangu alikuja mezani na kumbukumbu ya safari, mistari elfu kadhaa ya tarakimu. Alitaka kujua kwa nini kasi ilishuka kila alipovuta kijiti juu, na kama kuna njia ya kuichora badala ya kuisoma kwa macho. Nikamwambia ipo, inaitwa Python. Alinuna kidogo, akavuta kiti. Tulikwenda hadi saa sita usiku, na bado hatujakubaliana kama tatizo ni betri iliyochoka au kidhibiti kasi kilichowekwa laini mno. Jumamosi tunajaribu betri ya pili. Mwenye uzoefu wa 450 katika miinuko kama yetu, Nakuru, Arusha au Mbeya, aniambie anazungusha mapanga yake kwa kasi gani.