Waifai ya Laptopu Yako Labda Haijafa

Hapa Nakuru naskia hii stori kila saa: "Niliweka Linux, waifai ikapotea, nikarudisha Windows." Wasee, tunatupa vifaa vizima.

Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba haziwezi kubeba Windows 11, kwa hivyo Linux ndiyo inabaki. Waifai ikigoma, fundi anakwambia kadi imeungua, leta elfu moja na mia tano upewe ya USB. Binamu yangu anayesoma Njoro aliambiwa hivyo kwa duka moja la mjini. Pesa ya chakula hiyo, na mitihani imekaribia.

Tukaandika lspci -nnk. Hiyo amri inataja vifaa vilivyo ndani, nambari zao, na draiva ambayo kerneli imekipa kila kimoja. Yake ikasema 14e4:4315. 14e4 ni Broadcom, 4315 ni chipu yenyewe, BCM4312. Kadi iliyokufa kabisa haiwezi kujitaja hivyo! Halafu sudo dmesg, daftari la kerneli: draiva ya b43 imeingia vizuri, lakini inalilia faili inaitwa b43/ucode15.fw. Hiyo ni famwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu ndio iamke.

Leseni ya hiyo faili hairuhusu isambazwe ovyo. Hata Debian 12 ya Juni 2023, ambayo hubeba famwea nyingi za makampuni tangu mwanzo wa usakinishaji, hii haina. Unafaa kuivuta mtandaoni, na waifai ndiyo huna. Vichekesho.

Njia iko kwa mfuko wako. Chomeka simu ya Android kwa kebo, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kerneli kwa kawaida inaitambua tu. Vuta kifurushi cha famwea ya b43, toa draiva kwa sudo modprobe -r b43, irudishe kwa sudo modprobe b43. Majina ya waifai za majirani yakajaa kwa skrini.

Fundi kutojua Linux hainiudhi, hakuna mtu anajua kila kitu. Kinachoniudhi ni kuuza kabla ya kusoma, na kerneli ilikuwa imeandika shida kwa jina lake.

Kuna kadi zimekufa kweli, lspci haizioni hata kidogo. Hizo nunua nyingine. Kama inaonekana kwa orodha, funga mfuko kwanza, usome dmesg.