Kutoka Mbooni hadi Mutomo: Njia za Wadudu

Msafiri ashukaye kutoka vilima vya Mbooni kwenda Kibwezi huacha baridi na mashamba ya matuta, akaingia nchi ya joto, vichaka na mibuyu. Wadudu nao hubadilika njiani.

Zamani adui wa Makueni alikuwa mbung'o. Yeye hupenda kivuli cha vichaka na damu ya wanyama wa porini. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 serikali ilifyeka pori ili watu na ng'ombe wapate kukaa.

Dumuzi, ambaye wengine humwita Osama, hafukuzwi kwa panga. Kwao ni Amerika ya Kati. Alifika Tanzania kwanza, na mwaka 1983 akaonekana Kenya, kule Taveta. Huruka, lakini safari zake ndefu huzifanya ndani ya gunia la mahindi. Basi yafaa kutazama njia za biashara sawa na mvua. Tena huzaliana hata katika miti mikavu ya porini, na nguzo za ghala huzitoboa! Mwaka 1992 aliachiliwa mdudu mwingine wa kumla, lakini dumuzi yungalipo.

Barabara itokayo Kibwezi huvuka mto Athi, ikaingia Kitui na kupita Ikutha na Mutomo. Huko nako ni joto, na magunia hupita. Mkulima mwangalifu hukausha mahindi vizuri, akayapukuchua mapema, kwa maana dumuzi hutoboa kwa urahisi zaidi punje zilizokazana kwenye gunzi kuliko zile zilizolegea guniani.