Motere Hutunzwa Nyumbani



Mwezi huu tunaongea habari ya motere ya boti. Tunajua wengine watacheka: hapa Nyarugusu ziwa liko wapi? Ni kweli, liko mbali. Lakini familia nyingi zilizofika hapa tangu 1996 zilitoka Uvira, Baraka na vijiji vya Fizi, na huko watoto wengi walisomeshwa kwa pesa ya ndagala. Sisi walimu vijana tuliokulia kambini, ziwa tunalijua kwa masimulizi tu. Kazi ya baba zetu tusipoiuliza sasa, tutamuuliza nani kesho?

Basi tulimwomba mzee mmoja jirani, fundi wa zamani, atufundishe pamoja na wanafunzi wetu. Motere hana, alichora ubaoni. Alianza hivi: ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470. Motere ikizimika katikati, nanga haifiki chini, na upepo unakupeleka unakotaka wenyewe. Ndiyo maana motere inatunzwa nyumbani, kabla ya safari.

Kwanza, mafuta. Motere nyingi za mapigo mawili zinatumia petroli iliyochanganywa na oili yake, kawaida lita 50 kwa lita 1, ila fuata kitabu cha motere yako. Oili ikipungua, pistoni inakwama. Wanafunzi wakapiga hesabu: petroli lita 25 inataka oili nusu lita. Uwiano uliowasumbua muhula mzima, siku ile wakauelewa! Na sigara ikae mbali.

Pili, bujii, ambayo Watanzania wanaita plagi. Fungua, safisha masizi, ikichakaa badilisha. Ya akiba isikosekane ndani ya boti.

Tatu, oili ya gia, kule chini karibu na propela. Kwa kawaida inabadilishwa kila masaa 100 au miezi 6. Ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia, sili imekufa.

Nne, maji ya kupoza. Usiwashe motere nchi kavu; mguu wake uzame kwanza ndani ya pipa la maji. Kule nyuma kuna kijitundu kinachorusha maji. Kikiacha kurusha, zima haraka: mchanga au majani yameziba, ama pampu imechakaa.

Hapo mwanafunzi mmoja, binti wa darasa la sita, akauliza: "Babu, hii itatusaidia nini na boti hatuna?" Darasa likanyamaza. Sisi walimu pia tulikuwa na swali hilo hilo, tuliogopa tu kuliuliza. Mzee hakukasirika. Akasema, "Mjukuu wangu, mtumbwi niliuacha ufukweni, nyavu niliziacha, nyumba niliiacha. Haya unayoandika ndiyo niliyotoka nayo." Binti akainama, akaendelea kuandika.

Hatujui nani kati yao atarudi ziwani na nani ataishi kwingine. Lakini yule aliyezoea kukagua chombo kabla hakijaharibika, hata akipewa pikipiki au mashine ya kusaga, ataanza vizuri.

Wazazi wetu, mwenye ufundi wowote, kushona nyavu, kuchonga mtumbwi, kukausha ndagala, aje darasani. Chaki tunayo.