Bangi, Mihadarati na Kasumba

Neno bangi lilitujia kutoka Bara Hindi, na huku likazungukwa na majirani wabaya: mhuni, kichaa, jela. Hata asemaye upuuzi tu huulizwa, "Umevuta bangi?"

Mpwa wangu ana kifafa. Nilimweleza dada yangu kwamba mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa itokanayo na mmea huo, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Akanijibu, "Kaka, mwanangu si mvuta bangi." Hakukataa dawa, alikataa jina. Dawa yenyewe ni kanabidioli iliyosafishwa, isiyolevya. Hunywewa kwa kipimo, daktari akiliangalia ini, maana laweza kudhurika. Msokoto wa kijiweni, uwezao kuvuruga akili ya kijana, ni jambo jingine; ila neno tunalo moja.

Ajabu, lugha yetu ilikwisha kuijua siri hii. Mihadarati ina shina la Kiarabu lenye maana ya kutia ganzi, kazi ya chumba cha upasuaji. Kasumba ni afyuni, chimbuko la mofini iwatulizayo wagonjwa wa saratani; leo kasumba ni fikra mbovu iliyoganda kichwani.

Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa iliitoa bangi katika jedwali la mihadarati yenye masharti makali kuliko yote, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kura mbili tu!

Washairi, tafuteni jina ambalo mama ataweza kulitamka mbele ya daktari. Mimi nimejaribu "mafuta ya katani", lakini katani kwetu ni kamba na magunia.