Lamu na Mlango wa Shahada



Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hupita Kilifi na Malindi, huvuka Mto Tana upande wa Garsen, kisha hushika barabara ya mashariki hadi Mokowe, ambako nchi hukoma na bahari huanza. Hapo abiria hushusha mizigo yao na kuingia botini. Baada ya mwendo mfupi wa maji, mji hujitokeza mbele yao: nyumba za mawe zilizokaribiana, minara ya misikiti na mashua zilizofungwa gatini. Njia zake ni nyembamba, na mwenye haki ya kwanza ya kupita ni punda aliyebeba mchanga au magunia ya unga.

Uzuri huo umesifiwa sana, na tangu mwaka wa 2001 mji mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Lakini safari hii, ndugu msomaji, sikwenda kutazama milango ya nakshi. Nilikwenda kuutazama mlango mwingine, ambao babu na bibi zetu waliupitia zamani na ambao watu bado wanaupitia leo. Nao ni mlango wa shahada.

Mawe ya Shanga na kibla cha Pwani

Katika kisiwa cha Pate, jirani ya Lamu, yapo magofu ya mji wa Shanga. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba hapo katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta mabaki ya misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine. Ya mwanzo kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, ya karne ya 8 Miladia. Maana yake ni kwamba, haijatimia miaka mia mbili tangu kufariki kwa Mtume Muhammad (s.a.w.), walikuwapo watu katika kisiwa hicho wakielekea kibla. Jamaa yao ilipozidi, waliuvunja msikiti mdogo wakajenga mkubwa zaidi.

Katika mji wa Lamu wenyewe, nyuma ya ngome, upo Msikiti wa Pwani, ambao tarehe yake inarudi hadi mwaka wa 1370. Ukisimama nje yake wakati wa adhuhuri utawaona wazee wakitawadha na watoto wakivua viatu, kama kwamba miaka hiyo mia sita na zaidi si kitu.

Mawe haya yana funzo ambalo huenda tumelisahau. Hakuna ukoo wa pwani hii ulioanza na Uislamu tangu Adam (a.s.) bila kukatika. Kila mmoja wetu akifuata nasaba yake nyuma vya kutosha, atamfikia mtu aliyekaa mbele ya mwalimu na kutamka shahada kwa mara ya kwanza, huenda kwa ulimi uliokuwa ukikwama katika Kiarabu. Masahaba wenyewe, radhi za Allah ziwashukie, wengi wao walikuwa watu wa kusilimu. Wa kwanza kumwamini Mtume alikuwa mwanamke, mkewe Bibi Khadija (r.a.). Wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani hii naye alikuwa mwanamke, Bibi Sumayya (r.a.), ambaye hakuwa na ukoo mkubwa wa kumhami.

Langoni

Kutoka sokoni, ukielekea kusini, utaingia mtaa wa Langoni. Zamani mtaa huu haukuwa na heshima ya Mkomani, penye majumba ya mawe ya wenye mji. Huku zilikuwako nyumba za udongo na makuti, na waliokaa humo walikuwa wageni, mafundi, wavuvi, na watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa.

Ni huku alikofanya makao Habib Swaleh, Sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl aliyetoka visiwa vya Ngazija na kuhamia Lamu katika karne ya 19. Alikuwa mjuzi wa dini na wa tiba, na angeweza kukaa na wakubwa akaridhika. Yeye alichagua kuwafundisha wale ambao wengi hawakuona haja ya kuwafundisha. Baadhi ya watu wa mji hawakupendezwa, kwani elimu ilihesabiwa kuwa mali ya nyumba chache. Juhudi zake ndizo zilizozaa Msikiti wa Riyadha na chuo chake, ambacho kwa zaidi ya miaka mia moja kimesomesha vijana wa pwani na wa bara. Wengi wanaijua Riyadha kwa maulidi ya Mfunguo Sita yanayokusanya wageni kutoka mbali. Mimi nadhani urithi wake mkubwa zaidi ni ule wa kumkalisha mkekani mtu ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Urithi huo haukufuatwa kila mahali. Katika pwani yetu, Wamijikenda waliosilimu waliitwa mahaji. Lilikuwa neno la kuwatambulisha, lakini neno la kutambulisha likikaa sana huwa ukuta. Hata leo utasikia mtu aliyesilimu miaka ishirini iliyopita, aliyelea watoto na kuwasomesha Qur'ani, akitajwa kwa wageni, "Huyu ni wa kusilimu."

Darasa la baada ya alasiri

Katika nyumba niliyofikia, wanawake hukusanyika baada ya alasiri kusoma. Mwalimu ni mama wa makamo, mpole wa sauti, ambaye husahihisha herufi bila kumwaibisha mtu. Siku ya pili ya kukaa kwangu alikuja binti mmoja kutoka vijiji vya Mto Tana, aliyekuwa akifanya kazi mjini. Alijifunga leso kichwani na kuketi karibu na mlango. Mwalimu alimwita mbele.

"Karibu mwanangu. Nini kimekuleta?"

"Mama, nataka kujua. Sijaamua, lakini nataka kujua."

"Basi umekuja kwa mlango wa sawa. Dini hii huanza kwa kujua. Je, kuna mtu anayekulazimisha? Kuna mchumba?"

Binti akasema hakuna. Mwalimu akaeleza kwa nini ameuliza. Allah amekataza kulazimishana katika dini, na hilo limo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 256. Shahada ya mtu aliyebanwa na moyo wake haumo, hutoka mdomoni ikaishia hapo.

Kisha akaanza kwa vidole vya mkono mmoja, kama wafundishwavyo watoto. Nguzo za Uislamu ni tano: shahada, swala tano za kila siku, zaka kwa mwenye mali iliyofika kiwango, funga ya Ramadhani, na hija mara moja kwa mwenye uwezo. Akaongeza kidole cha mkono wa pili, zikawa sita za imani: kumwamini Allah mmoja asiye na mshirika, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na qadari, kheri yake na shari yake. Nguzo tano huonekana na watu, akasema. Hizi sita anazijua Allah peke yake, na ndizo zinazozishikilia zile tano.

Binti aliuliza kuhusu Yesu. Mwalimu alimjibu kwa utulivu kwamba sisi tunamwita Nabii Isa (a.s.), kwamba tunaamini alizaliwa na Bibi Maryam bila baba, na kwamba ipo sura nzima yenye jina la mama yake. Lakini hatusemi kuwa yeye ni Mungu wala mwana wa Mungu. Ni mja wa Allah na mtume wake. "Hapa ndipo njia zinapoachana," akasema, "na sitaki nikufiche. Lifikirie vizuri, wala usilione dogo."

Namna ya kusilimu

Siku ya tatu binti akauliza ni mambo gani yanayotakiwa, kwani alikuwa ameambiwa mengi: kwamba lazima abadili jina, alipe ada, awe tayari amehifadhi sura kadhaa, na kwamba akiwa katika siku zake hawezi kusilimu. Nayaandika hapa majibu aliyopewa, kwa kuwa wengi wetu tukiulizwa tunababaika.

Kusilimu ni kuamini moyoni na kutamka kwa ulimi: Ash-hadu an laa ilaaha illa Llah, wa ash-hadu anna Muhammadan rasuulu Llah. Maana yake ni kushuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah, na kwamba Muhammad ni mtume wa Allah. Akitamka hayo kwa kuyajua na kuyakubali, ameingia katika Uislamu saa hiyo hiyo. Hakuna ada. Hedhi haimzuii mwanamke kutamka shahada. Kinachosubiri utohara ni swala.

Mashahidi si sharti la kusihi kwa Uislamu wake mbele ya Allah, lakini wana faida duniani. Ni wao watakaomshuhudia katika ndoa, mirathi na mazishi. Kwa sababu hiyo ni vyema kwenda msikitini au kwa kadhi na kupata cheti.

Baada ya shahada ni kuoga. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, kuoga huko ni sunna, na huwa wajibu kwa aliyepatwa na janaba au hedhi kabla ya kusilimu. Jina halilazimiki kubadilishwa isipokuwa maana yake ni mbaya. Swala na funga za miaka iliyopita hazilipwi, kwa kuwa Uislamu hufuta yaliyotangulia. Mwanamke mwenye mume asiye Mwislamu asikimbilie hukumu za mitaani. Suala lake lina taratibu zake, na mahali pake ni kwa kadhi. Na asiye na walii Mwislamu katika ukoo wake, kadhi ndiye walii wake akitaka kuolewa.

Mama aliyebaki nyumbani

Yote hayo binti aliyapokea. Kilichomzuia kilikuwa kingine, naye alikitoa mwisho, akiwa ameinamisha uso.

"Mama yangu ni mshirika wa kanisa tangu ujana wake. Nikisilimu, je, nitakuwa nimemkana?"

Darasa zima lilinyamaza. Nilimwona mama mmoja akishika tama. Baadaye niliambiwa kuwa yeye naye aliwahi kuuliza swali hilo hilo.

Mwalimu akamsimulia kisa cha Bibi Asma bint Abi Bakr (r.a.). Mama yake, ambaye alikuwa bado mshirikina, alikuja kumtembelea Madina. Asma alimwendea Mtume (s.a.w.) kuuliza kama aunge udugu naye. Mtume akamwamrisha amuunge mama yake. Na katika Sura ya Luqman mtoto ameambiwa kwamba wazazi wakimshurutisha kumshirikisha Allah asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema.

"Kwa hiyo hutamkana," akasema mwalimu. "Utazidi kumtumikia. Umpelekee unga na sukari kama kawaida yako, na uzidishe. Umwuguze akiugua. Usimkejeli imani yake wala usigombane naye juu yake. Auone Uislamu kwa mikono yako kabla ya kuusikia kwa mdomo wako."

Binti alilia kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya leso. Akasema atasubiri. Mwisho wa mwezi angekwenda nyumbani amweleze mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Mmoja wetu akataka kumhimiza asichelewe, kwani ajali haina miadi. Mwalimu hakulipinga neno hilo, kwa kuwa ni kweli. Alimtazama binti akamwambia, "Mwanangu, moyo wako ukishaamini usiuwekee miadi. Waweza kutamka sasa hivi, na kumweleza mama yako wakati utakaoona wewe."

Binti akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akaomba afundishwe maneno. Akayatamka neno kwa neno, mbele ya wanawake kumi na mmoja, na sauti yake ikaimarika katika nusu ya pili.

Kesho yake

Takbiri na kukumbatiana vilikwisha kabla ya magharibi. Kazi ilianza kesho yake, nayo ndiyo ninayotaka tuipeleke majumbani mwetu. Mama aliyeshika tama alijitolea kumfundisha Fatiha, aya moja kwa siku. Mwingine akampa kanzu na mtandio wa kuswalia. Wa tatu, ambaye nyumba yake iko karibu na kazini kwa binti, akamwambia afuturu kwake Ramadhani yote ikija, asile peke yake. Walikubaliana pia, kwa ushauri wa mwalimu, kuwa wasimtwishe kila kitu kwa siku moja: kwanza tohara na swala, kisha mengine.

Wengi wanaosilimu hawarudi nyuma kwa kuchoshwa na swala. Hurudi nyuma kwa upweke. Amepoteza marafiki wa zamani, na wapya hawakumfungulia nyumba. Sikukuu ya Idi inamkuta chumbani peke yake, huku sisi tukipelekeana sahani za biriani mlango kwa mlango na kuuruka wake. Yupo mtu wa namna hiyo katika kila mtaa, Kisauni, Likoni, Malindi na Mpeketoni. Tunamjua. Wiki hii tumwalike.

Tunamuomba Allah athibitishe nyoyo za walioingia na za waliozaliwa ndani, awalainishe wazazi wao, na asitujaalie kuwa sisi ndio tuliomfungia mtu mlango alioufungua Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.