Kutoka Kamukuzi Hadi Nakivale: Uamuzi na Wenye Kuamuliwa

Mji wa Mbarara, ulioko kusini-magharibi ya Uganda, umeenea juu ya vilima, na mto Rwizi hupita katika mabonde yake. Miongoni mwa vilima hivyo hakuna chenye heshima ya kale kuliko Kamukuzi. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na hapo ndipo ngoma ya kifalme iitwayo Bagyendanwa ilipotunzwa. Mwananchi wa zamani aliyekuwa na shauri zito, la ng'ombe au la ardhi, alijua kwamba neno la mwisho lilitoka juu ya kilima hicho.

Baada ya Mapatano ya Ankole ya 1901, utawala wa Omugabe uliendelea chini ya Waingereza, na baadaye likawapo baraza kubwa la Ankole, lililoitwa Eishengyero. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda. Kwa miaka mingi baada ya hapo ofisi za wilaya zilikaa kilimani, na jina la Kamukuzi likawa pia jina la divisheni ya mji. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilipewa hadhi ya jiji.

Lakini mgeni anayetaka kujua jinsi watu wa Kamukuzi wanavyoamua mambo yao hana haja ya kutafuta jumba la kifalme. Na ateremke katika seli zilizo ubavuni mwa kilima, siku ya mkutano. Atakuta viti vya plastiki na mabenchi yaliyoazimwa, kina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo, na katibu mwenye daftari mapajani. Hilo ndilo baraza.

BARAZA LA WAKAZI WOTE

Mabaraza haya yana historia yake. Yalianza wakati wa vita vya msituni vya miaka ya 1981 hadi 1986, yakatambuliwa na sheria ya 1987 kwa jina la Mabaraza ya Upinzani, kisha chini ya Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 yakaitwa Mabaraza ya Mitaa, ambayo kila Mganda huyaita LC. Ngazi ya kwanza ni kijiji, ambacho mjini huitwa seli. Ya pili ni muruka, ambayo mjini huitwa wadi. Ya tatu ni gombolola, au divisheni kwa watu wa mjini.

Wengi hudhani kwamba LC 1 ni mwenyekiti na muhuri wake. Sivyo. Kwa mujibu wa sheria, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa baraza la kijiji chake. Sheria ya 1997 iliweka kamati ya watu 10 ili itekeleze yale ambayo baraza limeamua, na ndani yake wakawekewa nafasi wenyeviti wa wanawake, wa vijana na wa watu wenye ulemavu. Kamati za vijiji zikikusanyika pamoja ndizo zinazokuwa baraza la muruka.

Tarehe 10 Julai 2018 wananchi walichagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea waliyemtaka. Uchaguzi wa namna hiyo ulikuwa haujafanyika tangu 2001. Wako waliolalamika kwamba mstari humfedhehesha mtu mbele ya jirani yake, na wako waliousifu kwa kuwa hesabu ya mstari haifichiki.

Kazi za baraza ni za kila siku. Mfereji unaomwaga maji taka katika ua wa jirani, njia iliyozibwa kwa ukuta mpya, kijana aliyekopa asilipe: hayo yote hufika hapo kwanza. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 iliipa kamati ya kijiji uwezo wa kusikiliza mashauri madogo ya madeni, mikataba, uharibifu wa mali na kuvamia ardhi, yasiyozidi thamani ya shilingi milioni 2. Mahakama hiyo haina gereza. Yaweza kuamuru fidia, kurudisha mali, kuomba radhi au kupatana, na asiyeridhika hukata rufaa kwa mahakama ya muruka, kisha ya gombolola.

Jina la muruka lilizidi kutajwa tangu Februari 2022, ulipozinduliwa Mpango wa Maendeleo ya Muruka. Shabaha ya mpango huo ilikuwa kila muruka upate shilingi milioni 100 kwa mwaka, zikopeshwe kwa kaya kupitia chama cha akiba na mikopo. Hapo ndipo mkutano wa wakazi unapoonyesha thamani yake. Karani aliye ofisini aweza kudanganywa na karatasi, lakini jirani anamjua anayefuga kuku kwa kweli na anayefuga kuku wa kuazima siku ya ukaguzi.

NJIA YA NAKIVALE

Anayetoka Mbarara kwenda Nakivale husafiri kiasi cha kilomita 60. Barabara ya Kikagate humpitisha Kaberebere hadi Isingiro, katikati ya mashamba ya matoke yaliyopanda vilima hadi kileleni. Baadaye huiacha lami na kushika njia ya vumbi. Migomba hupungua, nyasi huwa za rangi ya dhahabu, ng'ombe wenye pembe ndefu huonekana mabondeni, na mbele yake ziwa Nakivale hung'aa.

Hapa ni makazi ya wakimbizi yaliyo miongoni mwa makongwe kabisa katika Afrika. Yalifunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, hata idadi yao ikapita watu 100,000. Si kambi ya mahema na seng'enge. Ni vijiji vyenye mashamba ya mahindi na maharagwe, masoko, shule na nyumba za ibada.

Katika vijiji hivyo pia liko baraza. Wakimbizi huchagua viongozi wao wa Baraza la Ustawi wa Wakimbizi, kwa ngazi zinazofanana na zile za LC, nao hufanya kazi chini ya mkuu wa makazi anayewekwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Lugha inayosikika sana katika mikutano ni Kiswahili. Mama aliyetoka Kivu na mzee aliyetoka Burundi wanaweza kushitakiana kwa Kiswahili, wakasuluhishwa kwa Kiswahili, na kesho yake wakauziana nyanya kwa lugha hiyo hiyo. Makosa makubwa hupelekwa polisi na mahakamani, na mwaka 2013 mahakama ya kutembea ilianza kufika Nakivale ili mlalamikaji asilazimike kufuata hakimu mbali.

Shauri gumu kuliko yote ni lile la mpakani, pale shamba la mkimbizi linapokutana na malisho ya mwenyeji. Ng'ombe akiingia katika mahindi, mwenye ng'ombe ana mwenyekiti wake wa LC, na mwenye mahindi ana mwenyekiti wake wa wakimbizi. Baraza moja likiamua peke yake, upande wa pili hauoni uamuzi bali huona uadui. Wenyeviti wawili wakiketi pamoja, wakalikagua shamba kwa macho yao na kuhesabu mashina yaliyoliwa, fidia hulipwa na ugomvi huisha kabla fimbo hazijainuliwa.

FUNZO LA 1982

Nchi hii imekwisha kuona yale yanayotokea watu wanapoamuliwa wasipokuwapo. Oktoba 1982 viongozi wa wilaya, machifu na vijana wa chama kilichotawala wakati huo waliwafukuza Wanyarwanda katika sehemu za kusini mwa Ankole. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamekaa miaka mingi, na wengine walikuwa raia wa Uganda. Nyumba ziliporwa na kubomolewa, ng'ombe wakachukuliwa. Maelfu walikimbilia Nakivale na makazi mengine, na maelfu wakavuka kuingia Rwanda. Rwanda ilipofunga mpaka mwezi uliofuata, baadhi yao walikwama Merama Hills, mbele hapapitiki na nyuma hakurudiki.

Hakuna aliyewaita mkutanoni watu wale ili wasikilizwe. Jirani hakuulizwa anamjua jirani yake tangu lini. Ukoo mmoja uliotenganishwa siku zile haukurudishwa pamoja na barua yoyote iliyoandikwa baadaye.

Kwa sababu hiyo, daftari lile la katibu wa seli si kitu cha kudharauliwa. Wahenga wamesema: Penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wingi peke yake hautoshi, kwani hata mwaka 1982 waliofukuza walikuwa wengi. Linalolinda neno lisiharibike ni kuwapo kwake yule ambaye neno linamhusu, aseme na ajibiwe mbele ya watu.

Familia za askari na polisi zina sababu kubwa zaidi ya kulishika funzo hili, kwa kuwa wao huhamishwa mara kwa mara na kila wafikapo huwa wageni. Mke wa askari aliyepanga chumba Kamukuzi, na mumewe yuko kazini mbali, anafanya vema kujitambulisha kwa mwenyekiti siku za mwanzo, kuandikisha jina lake na kuhudhuria mkutano. Barua ya LC itatakiwa siku atakapotafuta kitambulisho au kufungua akaunti ya benki. Zaidi ya barua, siku njia ya kwenda kisimani itakapojadiliwa, au siku kodi ya taka itakapopangwa, atakuwa ameketi miongoni mwa wanaoamua. Asikie kumbukumbu zikisomwa, aulize asipoelewa, na asitie sahihi katika karatasi ambayo haikusomwa mbele ya wote.